Barua Isiyo na Neno Hata Moja

Benchi la Weris, mama wa kahawa ambaye wengi humwita eedo, yaani shangazi, liko nyuma ya yadi ya malori mjini Garissa, upande ule ambao barabara huanza kujiandaa kwenda Modogashe. Ni ubao wa lori uliolazwa juu ya rimu mbili, na jua limeupiga mpaka umekuwa na rangi ya ngamia. Hapo, kila siku baada ya swala ya alasiri, hukutana wanaume wanne ambao wake zao hawana haja ya kuuliza wako wapi. Lugha ya benchi ni Kiswahili, kwa heshima ya Mwalimu Hiribae, Mpokomo aliyefundisha shule za msingi miaka thelathini na mmoja, na Kisomali chake hadi leo ni cha salamu na matusi tu. Yuko Mowlid, dereva mstaafu, anayeitwa Breki kwa sababu hajawahi kuonekana na haraka; p kinywani mwake mara nyingi hugeuka b. Yuko Najib, fundi wa simu wa miaka ishirini na minne, anayeitwa Data. Na yuko Yakub, mtunza stoo wa kampuni moja ya kutengeneza visima, mtu wa miaka arobaini na mmoja, mpole, mwenye mikono mikubwa. Huyo wanamwita Miwani, kwa kuwa kila akipewa kitu cha kusoma husema miwani ameisahau nyumbani. Jumatano hiyo Yakub alikuja na bahasha. Akakaa nayo mapajani kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa jirani: kumtupa hawezi, kumbembeleza hajui.

— Miwani, hiyo ni nini? aliuliza Mowlid.

— Barua.

— Hiyo naona. Nauliza iko na nini ndani.

— Sijaifungua.

— Tangu lini?

— Tangu asubuhi.

Weris alikuwa akipuliza makaa chini ya birika. Akaacha kupuliza.

— Barua ya ofisi haifai kulala na njaa, alisema Mowlid. Wahenga walisema, mgeni siku ya kwanza mpe mchele na panya.

— Panza! alisema Mwalimu Hiribae. Mchele na panza. Ni samaki.

— Samaki mimi sijui. Banya namjua.

— Na methali yenyewe haihusu barua.

— Barua si mgeni? Imeingia bila hodi.

Yakub alitabasamu, lakini bahasha ile hakuwa ameiachia tangu saa mbili asubuhi, pale karani wa ofisi, Abdihafid, alipomkabidhi bila kumtazama usoni. Akamsogezea Mwalimu.

— Nisomee, Mwalimu. Miwani nimesahau nyumbani.

Mwalimu aliirarua bahasha kwa ukucha, akakohoa kama yuko mbele ya gwaride la asubuhi. Barua ilikuwa ya Kiingereza. Akawa anaitafsiri huku akisoma.

— “Kwa Bwana Yakub Ogle. Kwa kuwa wiki iliyopita ulituma kifaa kisicho sahihi kwenye kisima cha Tarbaj, na kwa kuwa umeonekana mara kadhaa kutofuata lebo mpya za stoo, unatakiwa kujieleza kwa maandishi, kabla ya saa nne asubuhi siku ya Ijumaa, kwa nini usichukuliwe hatua za nidhamu.” Imetiwa sahihi na Safiyo, meneja.

— Ya Allah, alisema Weris.

— Huyo mama ametoka Nairobi juzi, alisema Mowlid. Mtu akitoka Nairobi, lazima afukuze mtu moja ndio usingizi ikuje.

— Si yeye, adeer, ami yangu, Najib alimkatiza. Angalia hizo koma. Hakuna binadamu anaweka koma safi hivyo. Hiyo imeandikwa na kompyuta. Kompyuta ndiyo inataka kazi ya stoo.

— Kombyuta itabeba bambu na mkono gani?

— Itaagiza mkono. China iko nayo.

— Wallahi mnapoteza wakati. Shida ni kisima. Ile ya Tarbaj iko na jini. Mimi nilisimama pale mwaka ile ya ukame mkubwa, maji ya rejeta ikakataa kuchemka. Lori inaungua, maji iko baridi kama ya Mandera usiku!

— Mandera usiku si baridi, alisema Mwalimu.

— Ndio unaona vile huyo jini alikuwa mbaya.

Walicheka wote, na Yakub akacheka nao, lakini jina Tarbaj lilikuwa limeshamchoma. Ndani ya simu yake kulikuwa na video aliyotumiwa na mwendesha mashine wa kule: madumu ya njano yamepangwa foleni kutoka kwenye bomba hadi kwenye miiba, na mwanamke mzee ameketi juu ya dumu lake, amefunika uso kwa shela. Siku mbili walikaa hivyo, wakingoja kifaa sahihi. Video ile Yakub ameitazama zaidi ya mara kumi.

— Basi andika, alisema Mwalimu, akichomoa kalamu mfukoni. Ukurasa mmoja tu. “Mimi Yakub Ogle ninaeleza ifuatavyo.” Haya.

— Sina miwani.

— Hata kuandika?

— Mkono nao unauma.

— Upi?

Yakub alichelewa kidogo kuchagua.

— Wa kulia.

Hapo benchi likapata kazi. Mowlid akaeleza kuhusu mtu mmoja wa Modogashe aliyeumwa na ngamia kiganjani. Tangu siku hiyo, kila akishika kalamu huandika hasira tupu, hata akituma salamu za Idi watu wanagombana. Najib akasema ni grisi: mtu akishika grisi miaka kumi, alama za vidole zinafutika, kalamu haimtambui tena. Mowlid akaona hilo halitoshi.

— Mimi nasema ni bibi. Miwani iko na bibi ya bili Tarbaj! Alimwandikia barua zamani, sasa anaogopa mwandiko itajulikana.

— Mimi? alisema Yakub. Bibi wa kwanza mwenyewe hanitoshei nyumbani, anajaa.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Mowlid kwa uzito. Ndio maana mimi huvaa kikoi tu.

Mwalimu alifumba macho kama mtu anayesubiri maumivu yapite. Weris akamimina kahawa, ikaja na harufu ya tangawizi na iliki, akampa kila mtu kikombe chake. Alipofika kwa Yakub hakuachia kikombe.

— Yakub.

Hakumwita Miwani. Wote walisikia.

— Naam, eedo.

— Miaka tisa nakumiminia kahawa. Hiyo miwani sijaiona hata siku moja. Iko rangi gani?

Yakub alifungua mdomo aseme nyeusi. Neno lilikuwa tayari pale ulimini, limekaa kama mengine yote aliyoyatumia tangu utotoni: nimesahau miwani, mkono unauma, nitasoma nikifika nyumbani, wewe soma kwa sauti ili na wengine wasikie. Akatazama kikombe. Weris bado alikuwa amekishika.

— Haipo, alisema.

— Imepotea?

— Haijawahi kuwepo. Daktari alinipima, akasema macho yangu ni ya mwewe. Tatizo ni herufi. Hazitulii. Nikitazama neno, zinabadilishana mahali. Ni kama kuhesabu mbuzi wakiingia zizini: ukifika wa kumi, wa tatu ameshatoka. Nasoma, ndiyo, lakini mstari mmoja unanichukua muda ambao nyinyi mnamaliza gazeti. Na nikiandika ni vibaya zaidi. Niliacha shule darasa la tano. Nilichoka kucheka na wanaonicheka.

Lori moja lilirudi nyuma yadini likilia pii-pii-pii, likanyamaza.

— Lakini ngoja, alisema Mowlid taratibu. Hiyo b na p hata mimi nachanganya, na mimi ni mzima.

— Wewe unachanganya mdomoni, alisema Weris. Yeye zinamchanganya machoni.

Mowlid alilifikiria jambo hilo.

— Basi sisi ni ndugu, aliamua. Mimi wa mdomo, yeye wa macho.

Yakub aliangua kicheko ambacho hakukijua kimetoka wapi. Kifua kikawa chepesi ghafla, kama mtu aliyetua gunia la simenti. Mwalimu Hiribae peke yake hakucheka. Alikuwa amevua kofia na kuiweka gotini.

— Nilikuwa na mvulana shuleni Kotile, alisema. Darasa la pili. Niliandika ubaoni “dada”, nikamwambia asome. Akasoma “baba”. Nikamwambia soma tena. Akasoma “baba”. Darasa likacheka. Nikadhani ananifanyia mzaha, nikamchapa. Kesho yake nikaandika “baba”, akasoma “dada”. Nikamchapa tena. Na sasa nakaa hapa najiuliza: d na b zina tofauti gani? Moja imegeuza tumbo huku, nyingine huku. Basi. Nilimchapa mtoto kwa sababu ya tumbo la herufi.

— Mwalimu, alisema Yakub. Hukujua.

— Alikuwa anaitwa Abdirahim. Alikuwa fundi wa kutengeneza magari ya waya. Magari yale yalikuwa yanakata kona.

Najib alikuwa ameinamia simu yake muda wote huo, kidole kikikimbia.

— Nimeipata! Iko na jina. Inaitwa di-slek-si-a.

— Nini?

— Disleksia. Wanasema si ujinga na si uvivu, ni vile ubongo unashughulikia maandishi. Kuna watu mob, wengi sana, wako nayo. Na wanasema baadhi yao ni wakali kwa maumbo, kuona kitu chote kwa mara moja. Tatizo ni jina. Manze, mtu herufi zinamsumbua, halafu unampa neno kama hilo aandike hospitalini!

— Aliyechagua jina hilo hana imani, alisema Weris.

— Maumbo, alisema Yakub. Hilo ni kweli.

Akawaeleza jambo ambalo hakuwahi kumweleza hata mkewe. Alipoanza kazi ya stoo miaka sita iliyopita, aliona lebo zitamuumbua. Basi akachukua chaki, kila kifaa akakiweka ukutani, akakizungushia mstari, kisha akakitundika pale pale kwa msumari. Kila kifaa kikawa na kivuli chake. Kifaa kikitoka, kivuli kinabaki, kinamtazama. Anajua kimekwenda na hakijarudi. Miaka sita hakupoteza hata skrubu. Mafundi walikuwa wakimwambia “ile kitu ya Modogashe”, na mkono wake ulikuwa umeshafika.

— Halafu akaja meneja mpya. Akaona ukuta umejaa chaki. Akaagiza upakwe chokaa. Kila kitu kirudi ndani ya boksi, boksi lifungwe, juu yake lebo.

— Wakapaka? aliuliza Mowlid.

— Kwa siku moja tu. Nilifika asubuhi nikakuta ukuta mweupe kama sanda. Nilisimama mlangoni, nikajihisi mtu aliyehamia kwa wageni. Wiki iliyopita Tarbaj wakaomba beringi, ile pete ya chuma inayobeba mhimili wa jenereta. Walitaka sita mbili sifuri tatu. Nikasoma boksi mara tatu, na mara tatu nikaona sita mbili sifuri tatu. Kumbe nimeshika sita tatu sifuri mbili. Zingekuwa ukutani ningezijua nikiwa nimefumba macho. Moja ina tundu kubwa kidogo, nyingine ni nene zaidi. Ndani ya boksi zote ni karatasi.

— Basi mwambie hivyo meneja! Najib alisema.

— Kwa maandishi?

Mowlid akakuna kidevu, akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, kwa hiyo Yakub asiiname, akae kwenye kiti. Mwalimu akasema ataandika yeye, Yakub aseme tu. Yakub akatikisa kichwa.

— Ukiandika wewe, atadhani najua kuandika hivyo. Nitarudi kuficha. Nimechoka.

Weris alikuwa akikoroga makaa kwa kijiti. Akasema bila kuinua kichwa:

— Barua imesema maandishi. Haikusema herufi.

— Ni kitu kimoja, eedo, alisema Najib.

— Mwalimu, ni kitu kimoja?

Mwalimu Hiribae alianza kusema ndiyo. Kisha uso wake ukafunguka polepole, kama dirisha la darasa baada ya likizo.

— La, alisema. Si kitu kimoja. Kwa Kiswahili, mtu huandika meza. Chakula kinapopangwa mezani, tunasema meza imeandikwa, na hakuna herufi hata moja pale, kuna wali na mchuzi. Kuandika ni kupanga vitu mahali pake ili mtu aone! Miaka thelathini na mmoja nimefundisha neno hili na leo ndio nalisikia.

— Basi nipeni karatasi, alisema Yakub.

Karatasi haikuwepo, ila Mowlid alikumbuka mfuko mtupu wa simenti yadini. Waliupasua, wakaukung'uta, wakautandaza juu ya benchi, upande wa ndani ukitazama juu, wakaukandamiza kwa vikombe. Weris akachagua mkaa mmoja uliopoa vizuri, mwembamba, akampa.

Yakub hakufikiri. Mkono uliosemwa unauma ukaanza kwenda. Alichora ukuta wa stoo kutoka mlangoni: safu ya kwanza mipira na pete, safu ya pili valvu kubwa hadi ndogo, safu ya tatu vikombe vya pampu, beringi zimepangwa kama mwezi unavyokua. Zaidi ya vifaa mia moja, kila kimoja mahali pake, na hakuinua macho hata mara moja kukumbuka. Watu wa yadini wakaanza kusogea. Mowlid alipiga kelele.

— Hiyo! Hiyo bete ndogo! Ndiyo ilinilaza njiani siku nne!

— Unaijua?

— Naijua kama shemeji yangu mbaya!

Chini ya ukuta Yakub alichora beringi mbili ubavu kwa ubavu, kubwa kama sahani, mtu aone tofauti. Pembeni akachora boksi limefungwa, na juu yake siafu wadogo wanatambaa kwenda kila upande mahali palipopaswa kuwa na namba. Na mwisho, pembe ya chini, akachora bomba la Tarbaj na foleni ya madumu. Hapo mkono ulipunguza mwendo. Alichora madumu ishirini na saba, moja moja, na yule mwanamke mzee.

— Sahihi, alisema Mwalimu kwa sauti ndogo. Inahitaji sahihi.

Yakub aliweka kiganja chake cha kushoto juu ya karatasi, akakizungushia mkaa kidole kwa kidole. Alipoinua mkono, kivuli chake kilibaki pale.

Ijumaa, swala ya alasiri haijaisha vizuri msikitini, benchi lilikuwa limeshajaa. Mowlid alikuwa ameshapiga hesabu kwamba Yakub amefungwa. Najib akasema amepandishwa cheo na kompyuta imefukuzwa. Walimwona akija kwa mbali, anatembea katikati ya barabara, amebeba ndoo ya chaki.

— Sema! alipiga kelele Mowlid.

— Ngoja nikae.

— Sema umesimama!

— Niliingia, nikatandaza karatasi mezani kwake. Akauliza, “Hii ni nini?” Nikasema, “Maelezo yangu.” Akasema, “Niliomba maandishi.” Nikamwambia lile la Mwalimu la meza.

— Akacheka?

— Hakucheka. Alizunguka meza akaja upande wangu ili aione kama ninavyoiona mimi. Akafuata safu zote kwa macho, kutoka mlangoni hadi mwisho. Kisha akaweka kidole kwa siafu, akauliza, “Hawa ni nini?” Nikasema, “Hizo ni namba zako.”

— Ulimwambia hivyo! alisema Weris, mkono kinywani.

— Nilimwambia. Akanyanyuka, tukaenda stoo. Akatoa beringi saba kwenye maboksi, akazichanganya, akaniambia nifumbe macho. Nikazishika moja moja, nikamwambia hii ni ya kisima gani. Saba kati ya saba. Kisha akachukua lebo mbili akasema soma. Nilianza kutokwa jasho. Akaliona jasho. Akaziweka lebo chini haraka, akasema, “Pole.” Meneja, mbele ya Abdihafid, akaniambia pole. Akasema aliona chaki ukutani akadhani ni uchafu.

— Na hakukuuliza kwa nini hukumwambia?

— Aliuliza. Nikamwambia nimeficha tangu utoto, si rahisi kuacha kwa meneja wa miezi mitatu.

— Sasa? Sasa? Najib hakuweza kutulia. Alikuwa ameshaketi na kusimama mara nne.

— Sasa vivuli vinarudi. Lebo pia zinabaki, kwa ajili ya wasioona vivuli. Ujumbe wa kwangu atanitumia kwa sauti, si kwa maandishi. Abdihafid ataingiza kwenye kompyuta, mimi namtajia. Na anataka michoro ya kila kifaa itumwe kwa waendesha mashine wote, kila kisima, kwa sababu nao wengi hawasomi, na anapigiwa simu ishirini kwa siku na kila mtu ana jina lake kwa kitu kile kile.

Mowlid alimkumbatia Yakub mpaka ndoo ikaanguka na chaki zikatawanyika mchangani. Mwalimu Hiribae aliinama kuziokota, akichukua muda mrefu kuliko chaki zenyewe zilivyohitaji.

— Na zile hatua za nidhamu? aliuliza Weris.

— Nimepewa onyo, na limebaki kwenye faili.

— Hawa watu!

— Hapana, eedo. Watu walikaa siku mbili bila maji. Hata mimi ningelibakisha.

Basi kahawa ikazunguka, na furaha ilipozunguka mara ya pili, kila mtu akataka na yeye awe na kitu. Mowlid akasema sasa ameelewa nyumba yake: mke akisema “leta”, yeye husikia “lala”, na hilo lazima liwe na jina la daktari. Mwalimu akamkemea kwamba hali ya mtu si mchezo. Lakini Yakub alikuwa wa kwanza kucheka, ikabidi Mwalimu acheke wa pili.

— Mimi darasani sikuweza kukaa dakika kumi, alisema Najib ghafla. Nilitolewa nje kila siku. Lakini nikishika simu iliyokufa, nakaa nayo saa sita, hata njaa siisikii. Hiyo nayo ni nini?

Alisema kama utani, lakini hakuwa anatabasamu. Yakub aliujua uso ule. Alikuwa ameuvaa mwenyewe miaka mingi.

— Sijui, alisema Yakub. Tafuta kwenye simu yako. Lakini kwanza kesho njoo stoo. Nahitaji watu wa kushika vifaa ukutani nikivichora, na ni kazi ya kusimama.

— Wazi, alisema Najib, na akakaa.

Walikuwa bado wanagawana zamu za kesho mwanamke mmoja alipokuja kutoka upande wa yadi, vumbi la safari hadi kwenye kope. Alikuwa ameshuka sasa hivi kwenye lori la mbuzi. Akatoa salamu, wakaitikia wote. Akasema anaitwa Fowsiya, ni wa kamati ya kisima kimoja karibu na Modogashe, mashine yao imesimama asubuhi na ametumwa mjini kununua kilichoharibika. Akafungua fundo la shela. Ndani kulikuwa na kipande cha mpira mweusi, mviringo, tundu katikati, kimeng'atwa upande mmoja.

— Samahani, ndugu zangu. Nikifika dukani nitataka kusema vizuri. Hii inaitwaje?

— Hiyo ni koo, alisema Mowlid papo hapo. Koo ya bambu.

— Ni gasketi, alisema Najib.

— Kwa Kiswahili fasaha ni kiwambo, alisema Mwalimu Hiribae.

— Kiwambo ni ya ngoma! Hii ni koo, inameza maji!

— Kama inameza maji, gasketi nayo inafanya nini?

— Mimi naona ni kisosi, alisema Weris.

Fowsiya aliwageukia mmoja baada ya mwingine, kisha akamtazama yule mwenye mikono mikubwa aliyekuwa hajasema.

— Na wewe, adeer? Inaitwaje?

Yakub alikichukua kile kipande, akakizungusha mara moja kwa kidole gumba, ukingo wote.

— Sijui, dada, alisema. Twende.

Akainuka, na Fowsiya akafunga shela yake mbio akamfuata. Weris alitikisa birika; halikuwa na kitu ila machicha ya tangawizi. Nyuma yao benchi lilikuwa limeshapanda sauti, koo, gasketi, kiwambo, kisosi, na watu wawili wa yadini wamejiunga na jina la tano, na Yakub hakugeuka. Akilini alikuwa tayari mbele ya ule ukuta mweupe wa stoo, safu ya kwanza, karibu na dirisha, mkono umenyooshwa.